Bangi ya baba, moyo wa mtoto

"Ni ile bangi ya babake. Si ndiyo?"

Bibi aliniuliza mimi kwa sababu daktari alikuwa ameshaingia ndani, na kwenye benchi nilikuwa mimi tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, nje ya spitali moja hapa Pemba, na bintiye alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema, anarudi tena. Paji la uso linamtoka jasho kama la mtu aliyeshuka sasa hivi juu ya mkarafuu. Mamake anamfuta kwa pindo la kanga, na jasho linarudi. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua muda mrefu kuliko kawaida, kisha akawaambia kuna mvumo, huenda moyo una tundu, waende Unguja wakapige picha ya moyo.

Babake mtoto alikuwa nje ya geti, amekaa juu ya pikipiki, anatazama simu. Kwamba anavuta si siri ya mtu pale mtaani.

Jibu nililompa bibi siku ile lilikuwa fupi na bovu. Nilisema, "Pengine, bibi, pengine siyo." Akanitazama kama mtu aliyeuliza bei akaambiwa hali ya hewa. Tangu hapo nimelisikia swali lilelile kwa sura nyengine nyingi. Kwenye simu zinazunguka sauti mbili: moja inaapa kwamba bangi inatoboa moyo wa mtoto tumboni, ya pili inaapa kwamba bangi ni mmea tu wa Mungu kama mchaichai, na wajawazito wa Marekani wanapewa kwa ajili ya kichefuchefu. Zote mbili zina chembe ya ukweli, na hapo ndipo tabu inapoanzia.

Tuanze na moyo wenyewe, kwa sababu bila kujua unavyojengwa, mengine yote ni kelele.

Mwanzoni huwa ni bomba jembamba lililonyooka. Karibu siku ya 22 tangu mimba itunge, bomba hilo huanza kudunda. Kisha hujikunja kama mkono kwenye kiwiko, na ndani yake kuta huanza kuota kutoka pande tofauti zikielekeana, ili zikutane katikati na kugawa vyumba vinne. Ni kama mafundi wawili wanaojenga ukuta mmoja, kila mtu kaanzia kwake. Wakikutana sawasawa, ukuta umefunga. Wasipokutana, panabaki uwazi, na huo ndio sisi tunaouita tundu. Kufika wiki ya nane tangu mimba itunge, vyumba, milango yake na mishipa mikubwa vimeshakaa mahali pake, na mtoto mwenyewe ana urefu wa sentimita 3 tu.

Sasa ipige hesabu hiyo kwa kalenda ya mwanamke. Moyo wa mtoto unapoanza kudunda, siku za mama zimechelewa kwa wiki moja hivi. Hajamwambia mtu. Pengine mwenyewe anadhani ni uchovu wa safari au mfungo. Wengi wetu kadi ya kliniki tunaifungua mimba ikishaingia mwezi wa nne, tumbo likishaanza kusema lenyewe. Nesi anapofungua daftari na kuanza kutoa nasaha, fundi wa moyo ameshafunga kazi, amekusanya vifaa na kwenda zake. Onyo la kliniki lina faida kwa mambo mengine, na nitayafikia, ila kwa ujenzi wa moyo huwa limechelewa.

Bangi inafikaje huko ndani? Kilevi chake kikuu, kile kinachoitwa THC, kinapenda mafuta. Kinajificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, ndiyo maana mtu anayevuta kila siku anaweza kuacha leo na bado kipimo kikakiona baada ya wiki kadhaa. Kinapita kwenye kondo la nyuma pia. Kinachomfikia mtoto ni kidogo kuliko kilichomo katika damu ya mama, ila kinafika. Na mwili wa binadamu una ujumbe wake wa asili unaofanana na THC, ambao seli hutumiana na kupokea kwa vipokezi maalumu, na vipokezi hivyo vimo tangu mimba ikiwa changa. THC hukaa kwenye kipokezi kama ufunguo bandia kwenye kitasa. Juu ya hayo upo moshi wenyewe: msokoto unaowaka hutoa hewa ileile ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililofungiwa ndani, nayo hunyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni.

Kwa hiyo njia ipo. Watafiti wa Western University huko Kanada walionyesha mwaka 2021 kwamba panya waliopewa THC wakiwa na mimba walizaa watoto wadogo, na mioyo ya watoto hao ilisukuma damu kwa udhaifu walipofika wiki tatu. Ila panya wale walidungwa sindano kila siku katika chumba safi. Hawakuwa wamekaa barazani na msokoto, kikombe cha kahawa na njaa. Kwamba njia ipo haina maana kwamba mwizi amepita hapo. Ili kujua kama amepita, inabidi kuwatazama watu.

Utafiti unaotajwa zaidi unatoka Atlanta, Marekani, ulichapishwa mwaka 2004. Walichukua watoto waliozaliwa na tundu katika ukuta wa vyumba viwili vya chini vya moyo, bila kasoro nyengine, wakawalinganisha na watoto wazima. Mama waliokiri kuvuta bangi walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata mtoto mwenye tundu hilo. Hii "mara mbili" ndiyo iliyosafiri mpaka ikafika kwenye simu zetu, na njiani ikapoteza nusu ya maana yake.

Mara mbili ya nini? Duniani kote, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 8 mpaka 10 huwa na kasoro fulani ya moyo. Tuseme 3 kati yao wana tundu la aina ile. Mara mbili ya 3 ni 6. Yaani wakizaa mama 1,000 wanaovuta, na ikiwa utafiti ule umesema kweli tupu, 994 watapata mtoto asiye na tundu hilo. Mtu wa baraza atakwambia, "Si unaona! Mke wa fulani alivuta na watoto wake wanne wazima." Ni kweli, na hakuna alichothibitisha. Vivyo hivyo anayemnyooshea kidole mama mmoja mwenye mtoto mmoja mgonjwa.

Ipo kasoro nyengine, adimu sana, iitwayo Ebstein, ambapo mlango wa upande wa kulia wa moyo umekaa chini kuliko mahali pake. Nayo imetajwa pamoja na bangi katika tafiti zaidi ya moja za Marekani. Lakini hutokea kwa mtoto mmoja hivi katika 20,000, na jambo adimu namna hiyo ni rahisi kukudanganya: watoto watatu wakiongezeka kwenye orodha, hesabu yote inayumba.

Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi mwaka 2009, uliotoka kwenye mradi wa kitaifa wa Marekani wa kuzuia ulemavu wa kuzaliwa. Waliangalia aina 20 za ulemavu. Bangi ilijitokeza kwenye aina moja, nayo ilikuwa ile ya mtoto kuzaliwa bila sehemu kubwa ya fuvu na ubongo. Moyo haukuwemo. Mmoja anasema ndiyo, mwenziwe anasema sikuona kitu, na wote ni watu makini.

Upande wa kelele zaidi wamesimama watafiti wawili wa Australia, Albert Stuart Reece na Gary Hulse. Wao waliitazama Colorado, jimbo ambalo watu walipiga kura kuruhusu bangi ya tiba mwaka 2000 na ya starehe mwaka 2012. Wakaweka mstari wa matumizi ya bangi pembeni ya mstari wa kasoro za kuzaliwa, za moyo zikiwemo, wakaona yote miwili inapanda, wakasema hiki kimeleta kile. Mimi hapo nasita, na sababu yangu ni ya Kipemba kabisa. Msimu mkubwa wa karafuu ukifika, madukani televisheni zinanunuliwa kwa wingi. Msimu huohuo spitalini wanajaa watu waliovunjika mikono. Chora mistari miwili hiyo, utaona inapanda pamoja vizuri sana. Lakini hakuna televisheni iliyomvunja mtu mkono. Watu wameanguka juu ya mikarafuu, na pesa za karafuu hizohizo ndizo zilizonunua televisheni. Huko Colorado pia, katika miaka hiyo mashine za kupima moyo zilizidi kuwa kali, na tundu dogo ambalo zamani lingepita kimya likaandikwa kwenye daftari. Hesabu za mkoa mzima hazikwambii kama mama aliyevuta ndiye huyo huyo aliyezaa mtoto mgonjwa.

Tatizo kubwa kuliko yote ni jepesi kulieleza: nani atasema kweli? Nimewahi kukaa kwenye chumba cha kliniki nikamsikia nesi akipita orodha yake. "Sigara? Pombe? Bangi?" Aliuliza yote kwa pumzi moja, kalamu imeshaandika "hapana" kabla ya jibu, na mama mkwe kakaa pembeni na mkoba wake mapajani. Bangi hapa ni haramu ya dini na ni kosa la jinai. Mwanamke gani atasema "ndiyo" mbele ya mkwewe? Hata kule ambako si aibu kubwa hivyo, mama mwenye mtoto mgonjwa huchimba kumbukumbu zake usiku kucha akitafuta kosa, wakati mama wa mtoto mzima huulizwa swali lilelile na kusema "sikumbuki," akaendelea kupika. Kumbukumbu mbili hizo hazipimiki kwa mizani moja. Isitoshe, anayevuta bangi mara nyingi huvuta na sigara, hula vibaya, na kliniki huchelewa kufika. Kuitoa bangi peke yake katika fungu hilo ni kama kuondoa chumvi kwenye mchuzi uliokwisha iva.

Liko tukio moja linalonifanya niwe mwoga wa hukumu za haraka. Miaka ya 1970 dawa ya lithiamu, inayotumika kwa maradhi ya akili, ilishutumiwa kuongeza hatari ya Ebstein mara 400. Daftari lililotumika lilikuwa la hiari: madaktari waliokuwa na mtoto mgonjwa waliandika kwa wingi, waliokuwa na mtoto mzima hawakuona haja. Mwaka 1994 hatari ilipimwa upya ikashuka mno, na utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ukaona ongezeko la kasoro za moyo ambalo hata mara mbili halikufika. Hatari ilikuwepo kweli, ila haikuwa jitu lile. Katikati hapo wako wanawake waliokata dawa kwa hofu. Nadhani habari ya bangi na moyo itaishia mahali kama hapo: kitu kipo, kidogo, kwa aina chache za kasoro. Na tukumbuke kitu kinachovuta upande wa pili: bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi, na ya miaka ya karibuni imezidi mara tatu ya hiyo. Tafiti za zamani zilipima bangi nyepesi kuliko ya leo.

Sasa lile lisilo na ubishi. Mwaka 2017 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia maandiko mengi yaliyokuwepo, na kuhusu ujauzito kikaona ushahidi mzito wa jambo moja: mama anayevuta bangi huzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Ontario, Kanada, wakatoa hesabu za mama zaidi ya 660,000. Waliotumia bangi, asilimia 12 walijifungua kabla ya wakati. Wasiotumia, asilimia 6. Hata walipowalinganisha na wanawake wa hali zinazofanana, kwa sigara na umri na umaskini, pengo lilipungua lakini halikufunga. Mtoto njiti mwenye kilo moja na nusu, Micheweni, umeme umekatika, ni hatari unayoweza kuishika mkononi. Na hapa nasaha ya kliniki mwezi wa nne bado ina kazi kubwa, kwa sababu uzito hujengwa zaidi miezi ya mwisho.

Na ile sauti ya "Wamarekani wanapewa kwa kichefuchefu"? Waliowapa ni wauza duka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti walipiga simu kwenye maduka 400 ya bangi ya Colorado wakijifanya wajawazito wenye kichefuchefu, na karibu 7 katika kila 10 yakawapendekezea bidhaa zao. Chama cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyohiyo kinasema mjamzito asitumie kabisa. Sisi tuna tangawizi, na kama kutapika kumezidi mpaka maji hayakai, kuna dawa spitali.

Inabidi niseme pia yale ambayo bibi hakuyauliza, kwa sababu bangi ni rahisi kulaumiwa, ina harufu. Kasoro nyingi za moyo hazipatiwi sababu moja. Zinazojulikana ni pamoja na kisukari cha mama kabla ya mimba, ambacho huongeza hatari mara tatu mpaka tano, yaani zaidi ya ile mara mbili ya bangi. Ipo rubela, homa ya vipele ambayo daktari wa Australia, Norman Gregg, aliihusisha na watoto wenye maradhi ya macho na moyo mwaka 1941. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto wetu tangu 2014. Zipo dawa za kifafa, ambazo mtu asiziache kwa kusoma makala, aende akazungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Lipo suala la vinasaba: karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down, ule wa kuzaliwa na vinasaba vya ziada, wana kasoro ya moyo. Na lipo lile ambalo kwetu ni heshima kulinyamazia: tafiti za Lebanon na Saudi Arabia zimeona kasoro za moyo zaidi kwa watoto ambao wazazi wao ni mtu na mtoto wa ami yake. Sijaona bibi aliyeuliza hilo kwenye benchi. Ndoa ile kaipanga yeye.

Lakini katika jambo moja bibi alikuwa mbele ya wengi: alimuulizia baba. Karibu tafiti zote humhoji mama. Baba huachwa na pikipiki yake nje ya geti. Utafiti uliofanywa Baltimore na Washington, matokeo yakatoka mwaka 1997, ulimhoji na baba, na ukaona uvutaji wake wa bangi unakwenda pamoja na tundu la vyumba vya chini. Ni utafiti wa maswali, una udhaifu wote niliokwisha kuutaja. Hata hivyo mwaka 2018 watu wa Duke University walitazama mbegu za wanaume 24, nusu wanavuta na nusu hawavuti, wakaona alama za kikemikali zinazowasha na kuzima vinasaba zimebadilika kwa wavutaji. Wanaume 24 ni wachache na hawakupima moyo wa mtoto yeyote. Linatosha kuuliza swali, halitoshi kumfunga mtu.

Nikifikiria hilo nakumbuka harusi zetu. Bi harusi anafungiwa ndani, anasingwa kwa msio mpaka ngozi inang'aa, somo wake anamfunda usiku na mchana. Bwana harusi yuko wapi? Barazani na wenzake, anaagwa ujana kwa misokoto. Mwili unaoandaliwa ni mmoja.

Tulikutana tena baada ya majibu ya Unguja. Tundu halikuwa kubwa. Matundu madogo ya ukuta wa chini, hasa yaliyo kwenye msuli, mengi hujifunga yenyewe mtoto akikua, na huyu aliambiwa arudi kupimwa baada ya miezi sita huku anapewa dawa ya kupunguza maji. Angekuwa na tundu kubwa, safari ingeendelea kwa boti mpaka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au kama watoto wengi wa visiwani waliotangulia, mpaka Holon, Israel, ambako shirika la Save a Child's Heart limewapasua. Wengine hawafiki kote huko kwa sababu dalili hazikutambuliwa: jasho wakati wa kunyonya, pumzi za mbio akiwa amelala, uzito usiopanda, au midomo ya rangi ya zambarau na zambarau si msimu wake. Watu husema kapigwa jicho, anafungwa hirizi, na miezi inapita.

Bibi alinisalimu akaendelea na safari yake. Aliyenifuata safari hii alikuwa yule kijana wa pikipiki. Aliniuliza kwa sauti ya chini, akitazama kando.

"Mjomba, nikiwacha leo, kuna kinachosaidia?"

Nikamwambia kwa huyu aliyezaliwa, kinachosaidia ni moshi usiingie ndani. Kwa anayefuata, mbegu mpya ya mwanamme huchukua karibu miezi miwili na nusu mpaka itengenezwe, hivyo ahesabu kuanzia hapo. Akahesabu kwa vidole. Ilikuwa mwanzo wa Rajabu. Rajabu, Shaabani, mpaka katikati ya Ramadhani.

"Wakati huo mbona nitakuwa nimefunga," akasema, akawasha pikipiki.